Mlezi wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa, na miaka yote hiyo pini zake zilikaa mdomoni. Alizibana kwa midomo, akaongea na wateja kwa pembe moja ya mdomo, na mtu akibishia kipimo cha kiuno chake alijibiwa papo hapo bila pini hata moja kudondoka. Mtaani walimwita Mama Pini. Siku zote hasira zake zilikuwa karibu, lakini sijawahi kuziona kama mwaka ule alioingia chuo cha uuguzi, akiwa na watoto wakubwa na mvi ambazo hakujisumbua kuzificha.

Wazo lilimpata wodini alipokuwa akimuuguza dada yake. Muuguzi wa zamu aliona mapema kwamba mgonjwa anabadilika, akasema, lakini uamuzi haukuwa wake. Ilibidi amsubiri mkuu wa wodi. Dada alipona. Shangazi alirudi na kinyongo.

"Nataka kuwa yule anayesubiriwa," aliniambia.

Ndiyo maana alichagua shahada. Nyumba nzima, nami nikiishi kwao, ilimshangaa. Mume wake, mtunza ghala mpole anayependa mambo yaishe upesi, alimsihi achukue stashahada.

"Umri huu, mke wangu, miaka minne ya nini? Soma ile fupi, uanze kazi kabla magoti hayajagoma."

"Na nikitaka kupanda cheo, si nirudi tena darasani? Kijana ana muda wa kushuka kila kituo. Mimi napanda mara moja, nashuka mwisho wa njia."

Siku ya usajili karani alimuuliza mzazi au mlezi wake ni nani.

"Wazazi wangu wako kaburini, mwanangu."

"Basi mlezi, mama. Kila mwanafunzi lazima awe na mlezi wa kupigiwa simu."

Shangazi alicheka, akataja namba ya mume wake. Alikuja kukijutia kicheko kile.

Mambo yaliharibika kwenye chumba cha mazoezi, wanafunzi walipokuwa wakijifunza kumchoma sindano mdoli. Mkufunzi alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake wa kwanza. Shangazi alishika bomba vizuri, akachomoa kifuniko cha sindano na, bila kufikiri, akakibana mdomoni, akainama kumchoma mdoli.

"Mama!" mkufunzi alipaza sauti. "Hapa ni hospitali au duka la nguo?"

Darasa likaangua kicheko. Kijana mmoja wa nyuma akauliza kama mdoli atapunguziwa na kiuno. Shangazi akatema kifuniko kwenye kiganja cha glavu, uso umewaka. Akaambiwa atarudia jaribio lile wiki inayofuata, na kwamba wenye mikono iliyozoea vingine wangefaa zaidi kwenye stashahada. Halafu wakampigia mlezi.

Aliporudi jioni mume wake alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Chuo wamenipigia. Wanasema umekosea."

"Wamekupigia wewe?"

"Si mimi mlezi?"

Shangazi aliingia ndani, na sahani alizoanza kupanga zilitua mezani kwa kishindo. Kilichomchoma zaidi ni kwamba kuhusu kifuniko mkufunzi alikuwa na haki. Mdomo una uchafu, sindano inaingia mwilini mwa mtu. Alilijua hilo, na mikono yake ilimsaliti. Lakini mikono ya fundi nguo ina uhusiano gani na shahada au stashahada? Kwani wa stashahada wanaruhusiwa kubana vifuniko mdomoni?

"Hakuna aliyenijibu hilo," alisema. "Hakuna!"

Wiki nzima alishona akiwa amevaa barakoa. Pini zilihamia kwenye kimto alichokifunga mkononi. Mkono ulikuwa ukipanda kuelekea mdomoni, unagonga kitambaa, anaushusha huku akiutukana kama mtoto mtundu.

"Mama Pini, leo umefungwa mdomo?" alitania mteja mmoja.

"Wangu umefungwa kwa kitambaa. Wako utahitaji kufuli."

Siku ya kurudia jaribio mkufunzi alimtazama kwa mshangao.

"Mama, umefuata nini? Mlezi wako alishatuambia umekubali kuhamia stashahada."

Hata kijana wa nyuma alitazama viatu vyake.

"Amesema nini?"

"Kwamba mmekubaliana nyumbani."

"Yule mtu," shangazi alisema taratibu, na wanaomjua wangeanza kutafuta mlango, "nimemzalia watoto watatu. Nilimshonea suruali aliyokwenda nayo kwa wazazi wangu kunichumbia. Leo amekuwa baba yangu? Lete hiyo sindano."

Alichomoa kifuniko. Mkono ukaanza kupanda. Ulifika usawa wa kifua, ukasita, ukageuka, ukakiweka kifuniko kwenye sinia. Akamchoma mdoli, akachomoa, akatupa sindano kwenye boksi lake.

"Ni sahihi," mkufunzi alisema. "Lakini mama, miaka minne..."

"Mwalimu, nisahihishie sindano. Miaka niachie mwenyewe."

Alitoka pale moja kwa moja hadi kwa karani. Namba ya mlezi ikafutwa, ikaandikwa nyingine. Nyumbani mume wake alijitetea kwamba alikuwa anamwonea huruma.

"Uliombwa na nani?" shangazi aliuliza. "Unihurumie mimi, kisha uninyang'anye changu? Huruma hiyo peleka ghalani kwako."

Kwa siku kadhaa waliongea kupitia kwangu, na chumvi iliombwa kwangu hata ilipokuwa mbele ya mmoja wao.

Simu ya shangazi ililia tukiwa mezani. Aliipokea kwa spika, sote tukisikia, mkono mwingine una kijiko.

"Tunaomba kuongea na mlezi wa mwanafunzi wetu wa shahada ya uuguzi."

"Ndiye huyu."

Sauti ilieleza kwamba mwanafunzi amefaulu jaribio na anaendelea na shahada yake. Ila mlezi anaombwa amkanye. Anajibizana sana na wakufunzi.

Shangazi alimtazama mume wake, ambaye ghafla alikuwa na kazi kubwa ya kutafuna.

"Nimesikia," alisema. "Nitamkanya."

Akakata simu, akaendelea kula, uso bado ameukunja.