Bunduki ya Shangazi na Geti la Kituo

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Alikuwa mjane mtii wa sheria, na hapo ndipo alipojiponza. Polisi walipotangaza kwamba kila mwenye bunduki aipeleke kituoni ikaguliwe, yeye alikwenda asubuhi ile ile, kibali mkononi, bunduki kaifunga kwenye shuka, risasi kaziacha nyumbani kama tangazo lilivyoagiza. Majambazi nao walilisikia tangazo hilo hilo. Unadhani alikwenda hata mmoja? Thubutu!

"Kesho utaichukua, Mama," mkuu wa kituo akamwambia.

Kesho hiyo ikazaa kesho nyingine, na hiyo nayo ikazaa. Huku shambani, nguruwe pori wakapata habari, sijui nani aliwapelekea, kwamba Shangazi hana silaha. Zamani mlio mmoja tu uliwatosha. Sasa walikuja na watoto wao, wakala, wakavunja mabua, wakalala humo humo. Na mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula cha mwaka mzima, chake na cha wajukuu aliowalea. Aligonga debe bovu mpaka mikono ikafa ganzi. Nguruwe wakalizoea debe. Uchungu alioupata Shangazi akiyatazama mabua yaliyolala chini, usiombe yakukute.

Akarudi kituoni. "Faili lako liko juu," wakamwambia. Juu wapi, jamani, na jengo lenyewe halina ghorofa?

Alikuwa anatoka amenuna, pale macho yake yalipotua begani mwa askari wa getini. Mkanda ule! Ulikuwa mkanda wa suruali ya marehemu mumewe, na yeye mwenyewe ndiye aliyeushona kwenye bunduki kwa uzi mwekundu, ule wa mwanzo ulipokatika.

"We mwanangu, hiyo bunduki umeitoa wapi?"

Askari akaona haya. "Shikamoo, Mama. Zetu mbovu, zimepelekwa kutengenezwa. Mkuu akasema geti lisikae hivi hivi."

"Ala! Kwa hiyo mimi naliwa na nguruwe, nyie mnalindwa na mume wangu!"

Mkuu akatoka kwa kelele zile. "Mama, punguza jazba. Tukikupa hii, kituo kitalindwa na nini? Lazima tufikirie usalama wa raia."

"Kwani mimi ni nani, mbuzi?"

"Wewe ni raia mmoja, Mama. Sisi tunawafikiria wote."

Shangazi akamtazama, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka kulia. "Baba, hivi mmewahi kuifungua?"

Hawakuwahi. Bunduki ililetwa kukaguliwa, ikafanyishwa kila kazi isipokuwa hiyo. Askari akaifungua palepale. Tupu!

"Risasi zake ziko kwangu, kwenye sanduku la nguo," Shangazi akasema, na sauti akaipandisha makusudi. Mahabusu waliokuwa wakibishana nyuma ya nondo wakanyamaza wote ili wasikie vizuri.

"Mama, taratibu!" Jasho lilikuwa limemtoka mkuu. Faili likashuka kutoka huko juu kabla hajamaliza kujipangusa.

Shambani palikuwa pamesalia kama robo tu. Shangazi alilia, akajifuta, na jioni akapiga risasi moja hewani. Nguruwe wakatimua mbio bila kuangalia nyuma mpaka wakafika nyuma ya kituo, kwenye shamba la mihogo la mkuu.

Wiki haikuisha, mkuu akapiga hodi kwa Shangazi, kofia mkononi.

"Shangazi yangu," akasema. U-Mama ulikuwa umekwisha. "Naomba uje utupigie mlio mmoja tu. Mihogo inateketea."

Shangazi akampa kiti, akaendelea kupukuchua yale mahindi machache yaliyomsalia.

"Ombi lako nimelipokea, baba," akamjibu. "Liko juu. Njoo kesho."