Mwale Uliomponza Venansi

Venansi hakuwa mwoga. Kila siku alishuka mgodini kuchimba madini ya risasi. Aliyemwogopa ni mmoja tu, mama mkwe wake, Kasilda. Kwetu Wapimbwe mama mkwe hupishwa njia. Ukimgusa umejivua nguo mbele ya watu.

Mwaka hamsini na saba gari la sinema lilifika Mpanda, na Kasilda alikuwa amekuja kutoka Kasansa kumwona mjukuu. Alikaa mbele na wanawe, Krispini na Alois. Venansi akakaa nyuma yao, kwa adabu.

Picha ilikuwa ya viumbe walioshuka kutoka angani. Mmoja akanyoosha chuma, mwale ukatoka ukinguruma, nyumba ikawa majivu. Watu wakaruka, vumbi la uwanja likatimka, na juu ya vichwa vyetu tukauona mwale mweupe, mnene. Kasilda alikuwa amesimama ndani yake. Wanawe walishatimua mbio. Venansi akamkumbatia, akamwangusha, akamlalia.

Kabla hawajaanguka, vivuli vyao vilionekana kwenye shuka la sinema, vimekumbatiana, vikubwa kama nyumba.

Hamis, mwenye mashine ya sinema, alitueleza huku akicheka. Mwale wa kwenye picha ulichorwa tu, na ngurumo ikatiwa baadaye. Mwanga wa kweli haungurumi, na ukikupita pembeni huuoni mpaka ukutane na vumbi. Ule wa juu yetu ulikuwa wa mashine yake. Hapo Venansi akajiona mjinga. Taa yake mgodini ilifanya hivyo hivyo kila baruti ikilipuka na kutimua vumbi, na haikumchoma mtu.

Wachimbaji wenzake wakawa wanamuuliza hali ya mke mkubwa, wakimaanisha Kasilda. Chakula kikamshinda, akawa anarudi nyumbani kwa njia za uani. Shemeji zake walisema ukoo umevunjiwa heshima, hivyo wangemrudisha dada yao Felista kwao Kasansa. Venansi alimpenda mke wake, na alijua atampoteza kwa upumbavu wake.

Siku ya Kasilda kuondoka, Venansi alijificha chumbani. Kasilda akasimama nje ya ukuta, wanawe wakiwa kando yake.

"Mkwe wangu, nyie wote mnaona haya kwa sababu ya mikono yako," alisema. "Mimi naona haya kwa sababu ya miguu ya wanangu. Felista atabaki."

Krispini na Alois wakabeba mizigo ya mama yao. Venansi hakuthubutu kutoka mpaka walipofika mbali.