Wembe na Ukurasa wa Mawingu

Mpaka leo nikiona picha ya mawingu damu inanichemka. Ukurasa wa kwanza wa tovuti yetu ulikuwa mawingu matupu, jua likichungulia kwa mbali, na katikati maandishi meupe: "Tunaijenga kesho iliyo salama." Chini yake kitufe: "Gundua zaidi." Ukibonyeza ugundue zaidi, unakuta mawingu mengine.

Na sisi hatukuuza mawingu. Tulikuwa kampuni changa, vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na tulikuwa na kitu cha maana kabisa: kidude cha kijivu, ukubwa wa kipande cha sabuni, ambacho unakibandika ndani ya friji ya dawa. Umeme ukikatika, friji ikaanza kupata joto, kinampigia simu mwenye friji kabla dawa hazijaharibika. Basi, ndiyo hiyo tu. Programu yake niliiandika mimi, kwa hiyo hasira yangu ina haki yake. Kila siku ukurasa ule ulipokaa vile, mahali fulani friji ilikuwa inakufa na mwenyewe hajui kwamba tupo.

Mkurugenzi tulimwita Maono, kwa siri, maana hakuna sentensi aliyoimaliza bila neno hilo. Si mtu mbaya. Alilelewa na shangazi yake, muuguzi wa chumba cha chanjo, ndiye aliyemsomesha, na kampuni alisema aliianzisha kwa ajili ya wauguzi kama huyo shangazi. Lakini kidude chetu alikionea haya. Alisema kina sura ya dukani, akakataa hata picha yake kuonekana popote.

Ndipo akaajiriwa Wembe kuitengeneza tovuti upya. Jina hilo alikuja nalo, kwa jinsi anavyokata maneno ya watu. Ni binti wa mchora mabango ya maduka, na baba yake alikuwa na sheria moja: mwenye haraka akipita mbele ya bango, ajue kinachouzwa bila kusimama. Wembe aliihamishia sheria hiyo kwenye kompyuta. Siku ya kwanza hakukaa hata kitini. Alishuka na kompyuta hadi dukani, akawaonyesha wateja ukurasa wetu kidogo tu, akaufunika kwa mtandio wake, akauliza, "Hawa wanauza nini?"

"Bima," alisema fundi bomba.

"Si watu wa hali ya hewa hawa?" alisema mwingine.

Mwenye duka, ambaye tunamkanyagia dari yake kila siku, alijikuna kidevu. "Mimi nilidhani ni watu wa dini. Ndiyo maana sijawahi kuwauliza, nisije nikaokolewa bure."

Wembe alipanda ngazi amefura. Akaenda duka la dawa la jirani, akakipiga picha kidude kikiwa ndani ya friji, kando ya chupa za dawa, akaandika juu yake: "Friji ya dawa ikipata joto, simu yako italia." Chini akaweka bei na namba yetu. Hakuongeza kitu.

Maono aliutazama ukurasa huo mpya, akakunja uso. "Huu ni ukurasa wa duka, dada. Wawekezaji wanakuja. Wakiona hivi watatuona watu wadogo. Maono yetu yako wapi?"

"Bosi, kwani sisi tunauza nini?"

"Chema chajiuza."

"Kinajiuza kikionekana! Wewe chako umekifunika mawingu."

Maono akaamuru ukurasa mpya usubiri hadi wawekezaji waje na kuondoka. Nilidhani Wembe angefungasha vitu vyake. Badala yake aliuacha wazi kwenye kompyuta yake kutwa, skrini ikitazama mlangoni, kwa ubishi tu. Mimi nilinung'unika, na kunung'unika hakujawahi kumsaidia mgonjwa.

Jumatatu moja asubuhi aliingia mama mwenye sare ya uuguzi, akaketi bila kukaribishwa. Maono aliruka kutoka kitini.

"Shikamoo, shangazi! Kuna nini?"

"Marahaba, baba. Nipe maji kwanza." Akanywa. "Friji yangu ya chanjo imezima wikiendi yote. Hakuna kilichopona. Leo nimewarudisha kina mama na watoto wao mgongoni. Mmoja katoka mbali, kwa miguu, ananiuliza arudi lini. Nimekosa la kumwambia."

Alipokuwa anafuta macho, akaiona skrini ya Wembe. Aliisoma mara moja tu.

"Hiki kinauzwa wapi?"

 Wembe, ambaye ulimi wake haulali, alimtazama Maono.

"Hapa, shangazi," Maono alisema. "Ndiyo kazi yangu."

Mama aliweka bilauri chini. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Tovuti yako nimeisoma mimi. Nimevaa miwani nikaisoma, nikarudia, nikamwonyesha na daktari wetu. Nikaona aibu kukuuliza. Nikasema labda mwanangu amesoma mpaka amenipita. Mbona hukusema, baba? Mbona hukusema tu?"

 Wembe alimsogezea Maono kompyuta, akamwonyesha kwa kidole kitufe cha kuuweka ukurasa mpya hewani. Maono alikibonyeza mwenyewe, shangazi yake akimtazama, na mawingu yakaondoka. Sikufurahi hata kidogo. Nilitamani kupiga meza.

Nilichukua kidude rafuni nikamfuata shangazi hadi kliniki, nikakifunge kwenye friji yake tupu. Nje ya chumba cha chanjo kuna benchi, na yule mama aliyetoka mbali alikuwa bado amekaa pale, mtoto amelala mgongoni. Aliponiona na kiboksi mkononi, akasimama haraka.

"Chanjo zimefika?"

Nikamwambia hapana.