Mguu Unalia, Mgongo Ndio Umefinywa

Kila asubuhi kabla ya chai, mama mkubwa alikuwa analala kifudifudi sakafuni na kuniambia nimkanyage mgongo. "Panda, mwanangu, usiogope." Napanda taratibu, unyayo mmoja baada ya mwingine, mpaka mfupa ulie ka! ndipo anyanyuke aende kazini. Alikuwa mfuaji wa mashuka ya hoteli, mwaka wa kumi na moja sasa. Wafuaji wote pale hukanyagana migongo. Ndiyo dawa yao.

Kisha mguu wake wa kushoto ukaanza kuwaka moto, kutoka kwenye tako hadi kidole gumba. Siku alipoanza kuuburuza, nikampeleka kliniki.

Mtaalamu wa viungo, dada mmoja mcheshi, alitutolea uti wa mgongo wa plastiki.

"Mimi kinachouma ni mguu," mama mkubwa akasema. "Huo mgongo kamwonyeshe mwenye shida nao."

"Mama, ngoja basi." Akatuonyesha pingili zilivyopandana, na katikati yake visahani laini vya kuzizuia zisisagane. Ndani inapita mishipa ya fahamu, na mingine huchomoza kiunoni ikashuka mpaka miguuni. "Kisahani chako kimoja kimefura, kinabana mshipa. Mguu unalia, lakini aliyefinywa yuko huku nyuma. Ninyi wafuaji nawajua kwa kukanyagana migongo. Nani anakukanyaga?"

Nilijificha nyuma ya bega la mama mkubwa.

"Acheni kabisa. Na usibebe kizito peke yako. Mshipa ukizidi kubanwa, mguu unaweza kupooza."

Kesho yake nilimsindikiza kazini na barua ya kliniki. Msimamizi aliitia mfukoni bila kuifungua. Kapu la mashuka mabichi lilikuwa limejaa, linachuruzika maji.

"Winchi!" Ndivyo walivyomwita kwa nguvu zake, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo. "Leo umekuja na mlinzi?"

"Nataka mtu ashike upande wa pili, bosi. Kapu hili ni la watu wawili."

"Hapa kila mtu na kapu lake. Kama huwezi, sema huwezi."

Wenzake wakaacha kupiga pasi. Mama mkubwa alilitazama lile kapu, mkono kiunoni, nikadhani atainama. Miaka yote hiyo hakuwahi kushindwa mbele yao.

"Naweza," akasema. "Ila mguu huu bado nauhitaji."

Akavua aproni, akaikunja vizuri kama foronya, akaiweka juu ya mashuka. Akatoka mlangoni anachechemea, bila kunishika. Hakurudi tena.