Rangi Iliyokunjamana kwenye Mashua ya Obonyo

Uvumi kwamba marehemu Obonyo alikufa mikono ikimtetemeka kwa pombe ni uongo mtupu. Obonyo hakuonja pombe maisha yake yote. Mashua ile yenye rangi iliyokunjamana ilipakwa na mjane wake, Mwalimu Adero.

Pale Dunga, kando ya ziwa, Obonyo alichonga mashua ndogo za mbao, urefu wa mkono, akazipaka rangi nyekundu iliyong'aa hata ukajiona meno. Kila alipomaliza moja, alibonyeza kidole gumba chini yake rangi ikiwa mbichi. Hiyo ndiyo iliyokuwa sahihi yake.

Alipofariki, aliacha mashua moja imechongwa tu. Ilikuwa ya Nasike wa Port Victoria, aliyetaka ipambe kaunta siku ya kufungua hoteli yake. Adero hakutaka isemwe kwamba mumewe alizikwa na ahadi ya mtu. Akapaka tabaka la kwanza la rangi, zito, na kabla halijakauka akapaka la pili. Dirisha lilikuwa wazi. Sami, wale wadudu wa ziwani, wakaingia kama moshi. Kesho yake rangi ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa, imejaa mabawa. Ndani bado ilikuwa mbichi. Adero akageuza mashua, akabonyeza kidole chake mwenyewe.

"Mzee aliimaliza lini?" Nasike alimuuliza alipoipokea.

"Wiki moja kabla hajatutoka."

Adero huyo alikuwa amefundisha miaka thelathini na mmoja, akiwapa adhabu watoto walionakili kazi za wenzao.

Haikupita miezi miwili, wifi yake Awuor akaja, hata chai akaikataa. "Huko Port wanasema ndugu yangu alikuwa mlevi. Ati tazameni mashua yake ya mwisho! Na wewe, Mwalimu, umekaa kimya?"

Adero alishindwa kumtazama usoni. Alfajiri alisafiri hadi Port, akaiomba ile mashua kwa Nasike bila kueleza sababu.

Safari hii alifanya kama alivyomwona Obonyo akifanya. Aliikwangua hadi kwenye mbao, akailainisha kwa msasa. Alifunga dirisha, akanyunyiza maji sakafuni vumbi litulie, akapaka tabaka jembamba kama pumzi. Akangoja siku mbili. Akaisugua tena kwa msasa laini uliolowa maji, akaifuta, akapaka jingine. Mara tano. Mara ya tano aliona uso wake ndani ya ile rangi, akageuka upande.

Chini ya mashua hakuweka kidole chochote.

Aliiweka kwenye kaunta ya Nasike saa ya chakula cha mchana, hoteli imejaa. "Ile mbaya niliipaka mimi," alisema kwa sauti ya darasani. "Kile kidole kilikuwa changu. Na hii pia ni kazi yangu. Obonyo hakuzigusa rangi hizo, na pombe hakuigusa kamwe."

Waswa, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, asiyeweza kuzuia ulimi, akacheka. "Kumbe hata walimu hudanganya! Sasa Mama, marehemu ulimwomba msamaha?"

Adero alichukua mkoba wake.

"Nilidanganya, nimekiri. Hilo lingine si lako, Bwana Waswa, wala si la mtu yeyote hapa. Sisemi zaidi."