Seva Iliyoinunia Muleba

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na cheti changu cha masomo ya jioni kikining'inia ukutani, kwamba kuna seva ng'ambo ya bahari iliyoinunia wilaya ya Muleba. Na Bukoba haikuwa na neno. Biharamulo hali kadhalika. Muleba tu.

Aliyeniambia ni fundi simu mmoja, mzaliwa wa Rubafu, mwenye kibanda karibu na soko la Bukoba. Alisema seva hizo kubwa zina pua. Mtu akipakua vitu bila adabu, anaanza anakata, anaanza anakata, seva inanusa mnara aliopo, inaandika wilaya yake kwenye orodha, na tangu siku hiyo kila anayeomba kitu kutoka huko anajibiwa "hakuna". Hali hiyo huendelea hadi mkosaji ahame.

"Ahame yeye au uhamishwe mnara?" nilimuuliza.

"Yeye," alisema, akipuliza vumbi kwenye simu ya mteja. "Mnara una kosa gani?"

Niliona hoja nzito. Mnara kweli hauna kosa. Na kwa kuwa Muleba tulikuwa na mtu mmoja tu anayepakua vitu, nikaondoka pale kibandani nikiwa tayari na mshitakiwa.

Kazini tulikuwa watatu. Wa kwanza ni mzee mwenye ofisi, Mwislamu wa mjini ambaye babu yake alitoka pwani kuja kuuza nguo Bukoba, akasahau kurudi. Wa pili mimi, kwenye ofisi ya Bukoba. Wa tatu ni dada mmoja wa familia ya Kilutheri, aliyekaa peke yake kwenye chumba tulichopanga Muleba, hatua chache kutoka stendi. Tulikuwa tunaandika programu ya Java kwa kikundi cha wakulima wa migomba. Mkulima akiona mnyauko shambani kwake anaripoti, na programu inachapa ramani ya mashamba yaliyougua, ili majirani wajue wasiazimane mapanga na nani. Maana kwetu panga ni la kijiji kizima, na panga lililokata mgomba mgonjwa likipita kwenye mzima bila kusafishwa, shamba lote limekwisha.

Mzee alishatoa tamko. Ijumaa ya wiki iliyofuata wakulima wangekuja Muleba kuiona ramani. Ikishindikana, chumba cha Muleba kinafungwa na kompyuta inarudi Bukoba. Kompyuta ingerudi, ila yule dada asingeweza kurudi nayo. Alikuwa na mama mgonjwa nyumbani kwao, mwendo wa dakika ishirini kutoka stendi, wa kunyweshwa dawa kwa saa. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyowahi kuipata iliyomruhusu kulala nyumbani kwao. Nilijua yote hayo. Nilijua, na bado nikamshuku.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Tulijenga programu kwa kutumia Maven. Maven ni kama msimamizi wa ujenzi ambaye hajui kushika mwiko. Ukimwambia ajenge programu, anasoma faili moja ya maelekezo, halafu anawaita vibarua wake, yaani plagini: mmoja anatafsiri msimbo, mwingine anaujaribu, wa tatu anafunga kila kitu kwenye faili moja. Vipande vilivyoandikwa na watu wengine anavipakua mtandaoni mara moja tu, anaviweka kwenye ghala lake, ambalo ni folda ndani ya kompyuta, ili kesho asiombe tena.

Mtandao wa chumba cha Muleba ulikuwa wa kubembeleza. Ungeweza kupanda kahawa, ukavuna, ukarudi ukakuta faili bado inashuka. Kwa hiyo nikaanzisha utaratibu: ghala zima linanakiliwa kwenye flashi Bukoba, linapanda gari, linashushwa Muleba. Nilijivunia utaratibu huo kama mtu aliyegundua moto.

Lakini Muleba ujenzi ukagoma. Kila mara ulisimama kwenye kipande kilekile, kile cha kuchapia ramani. Kwenye kompyuta ya ofisi Bukoba, msimbo uleule ulijengwa bila hata kikohozi.

Safari ya kwanza kwenda kutazama, dada alinipokea vizuri. Alinitolea akamwani kwenye kikapu kidogo, kahawa yetu ya kutafuna, akachukua yeye punje ya kwanza akatafuna, kama mwenyeji anavyopaswa ili mgeni asiwe na wasiwasi. Mimi wasiwasi ninao. Nilichukua punje mbili, nikajifanya natafuna, nikazitia mfukoni.

"Kaka," akasema, "hili ghala ulilinakili kutoka mashine ipi?"

"Ya ofisini. Kwani ipi nyingine?"

"Una uhakika?"

"Dada, nimezaliwa nalo hilo ghala."

Ukweli ni kwamba siku ya kunakili mvua ilinyesha Bukoba kana kwamba ziwa limeamua kuhamia nchi kavu, nami sikwenda ofisini. Nilinakili kutoka kwenye laptopu yangu, nyumbani Buhembe. Lakini ghala ni ghala, nilijiambia. Kilichonishughulisha ni swali lake. Mtu mwema anauliza mara moja. Yeye kauliza mara mbili! Tena alikuwa na daftari la mistari ambalo alilifunga nilipokaribia. Na simu yake ilipoita, alitoka nje akaongea Kihaya kwa sauti ya chini sana. Niliambulia neno moja tu, "waitu", la kumwitikia mtu kwa heshima, na kwa neno hilo huwezi kumfunga mtu hata wiki moja.

Nilirudi Bukoba nikaamua kumwekea askari.

Uzuri wa Maven ni kwamba kibarua unayemhitaji ukimkosa, unaweza kumuumba mwenyewe. Plagini ni Java ya kawaida tu, yenye alama chache za kumwambia msimamizi: niite mahali fulani. Ya kwangu niliifanya aina inayoamka kabla ya wenzake wote na kukaa kusikiliza: nani ameanzisha ujenzi, vipande gani vimetafutwa, maombi mangapi yametoka nje kwenda mtandaoni, na msimamizi anafuata mipangilio ya nani. Mwisho inaandika ripoti. Ilinichukua siku tatu, ingawa mzee nilimwambia saa tatu. Nilipoijaribu Bukoba ripoti ilitoka safi, ikitaja jina moja tu la kutiliwa shaka, jina langu. Nililicheka jina hilo peke yangu ofisini, nikafunga safari ya pili.

Muleba, Maven akasema hamjui huyo askari. Hajawahi kumsikia.

Dada alichungulia kioo cha kompyuta, akaziba mdomo kwa mkono. "Kaka, askari wako hajaripoti kazini."

"Atakuwa njiani," nikasema.

Nilikuwa nimemwandika kwenye maelekezo ya mradi, nikamwacha mwenyewe Bukoba. Hakuwemo kwenye ghala la Muleba. Punje nyingine mbili za kahawa mfukoni, nikarudi.

Safari ya tatu askari alikuwemo. Ujenzi ukakwama palepale pa siku zote, na ripoti ikatoka. Mstari wa kwanza ulisema: "Maombi yaliyotoka nje: sifuri."

Sifuri! Kumbe seva haikuwa na nafasi hata ya kukataa. Kulikuwa na mtu aliyemziba Maven mdomo asiombe. Nilimtazama dada. Alikuwa anaandika kwenye lile daftari.

"Niachie nakala ya hiyo ripoti," akasema.

"Ya nini?"

"Niisome."

Nilimwachia, kwa shingo upande. Mistari ya chini mimi sikuisoma. Mtu akishamkamata mwizi hahesabu vifungo vya shati lake.

Mzee nilimkuta ofisini anatengeneza miwani kwa uzi. Nilimweleza kila kitu, na pale palipokuwa na nafasi nikaongeza chumvi. Nilisema anaficha daftari. Nilisema ana simu za siri. Nilipofika kwenye orodha ya wilaya na pua za seva, mzee alisimamisha uzi.

"Hilo la pua nani kakwambia?"

"Fundi."

"Fundi wa nini?"

"Simu, mzee."

Akakaza fundo la uzi. Kisha akasema, "Kumtoa mtu kazini si kung'oa gugu. Alhamisi tunakwenda wote wawili. Kama ni kweli, kompyuta tunarudi nayo siku hiyohiyo, na wakulima nitawapigia wasije."

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, tulikuwa Muleba. Nilibeba boksi tupu la kompyuta. Dada aliliona boksi kabla hajatusalimia, na mkono uliokuwa unatoa kikapu cha akamwani ulisita kidogo. Lakini alikitoa. Alitafuna kwanza yeye. Mzee akachukua, akatafuna. Mimi nikapeleka mkono mfukoni kwa mazoea, na punje zote za safari tatu zikamwagika sakafuni, zikiviringika hadi kwenye viatu vya mzee.

"Hizi ni mbegu za kupanda?" mzee akauliza.

Nikazisukuma pembeni kwa kiatu.

"Mwanangu," mzee akamgeukia dada, "huyu kaka yako anasema mashine yako haiombi kitu chochote nje. Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

Nilitunisha kifua kama jogoo.

"Ila namwomba asome na mistari ya chini. Ripoti ni yake, aisome yeye."

Niliichukua karatasi. Mstari wa tano ulisema: "Ruhusa ya kuuliza upya: kamwe." Wa sita ulisema: "Chanzo: faili ya mipangilio iliyokuja na ghala." Nilisoma kwa sauti iliyokuwa inapungua kama redio yenye betri za mwisho. Dada akaifungua faili hiyo kwenye kioo, akampisha mzee kiti. Juu ya agizo lile palikuwa na maelezo, yale mafupi ambayo mwandishi wa programu hujiachia mwenyewe. Mzee aliweka miwani yake ya uzi akasoma neno kwa neno:

"'Asiulize tena. Anamaliza bando la Buhembe.'"

Nje, mpiga debe alikuwa anaita abiria wa Biharamulo.

"Buhembe," mzee akasema, "anakaa nani?"

"Mimi, mzee."

"Na ghala lilitoka ofisini?"

"Lilitoka... mvua ilinyesha, mzee."

Dada hakucheka. Alifungua lile daftari akaliweka mezani. Ndani kulikuwa na kila siku ujenzi ulipokwama, saa yake, na alichojaribu. Alikuwa ameondoa Java akaiweka upya mara mbili. Alikuwa amejenga mradi wote kwenye folda mpya. Alikuwa ameandika swali moja akalizungushia duara: "Nimekosea wapi?"

"Nilikuuliza mashine ipi," akaniambia. "Ukasema ya ofisini. Basi ghala nikaacha kulishuku, nikaanza kujishuku mimi. Jana niliposoma ripoti yako yote ndipo nikaelewa."

"Na zile simu?" nikauliza. Hata mimi nilishangaa kujisikia bado nauliza.

"Za mama. Namuuliza kama amekunywa dawa. Ulitaka nipige kelele?"

Mzee aliinama, akaokota punje moja ya kahawa sakafuni, akanikabidhi. "Tafuna," akasema. Nikatafuna. Ilikuwa na vumbi, na ilikuwa tamu.

Kisha dada akafanya kazi ambayo ilichukua muda mfupi kuliko mimi kumeza ile punje. Kwenye folda ya kipande cha ramani alinionyesha faili ndogo, haina kipande ndani yake, ni kumbukumbu tu kwamba jaribio la kukipakua limeshindikana. Saa iliyoandikwa humo ilikuwa ya asubuhi nikiwa Buhembe, siku mbili kabla ya mvua ile, bando liliponikatikia katikati. Akaifuta. Akaondoa agizo langu kwenye mipangilio. Akaweka simu yake dirishani panaposhika mtandao, akamwamuru Maven aulize upya. Mistari ikaanza kushuka polepole, kwa kubembelezwa, lakini ikashuka. Askari wangu akaripoti maombi manne yametoka nje. Printa ikakohoa, na ramani ikatoka, mashamba yaliyougua yakiwa na alama nyekundu.

Mzee aliishika ile ramani kwa mikono miwili. "Kompyuta inakaa hapahapa," akasema. "Na chumba kinakaa. Wewe," akanigeukia, "boksi lako lipeleke kwa fundi wako akahifadhie hizo pua."

Akatoka kuwapigia wakulima kwamba kesho wasikose. Nikabaki nimeshika boksi tupu, nikitafuta namna ya kuomba msamaha isiyofanana na kuomba msamaha.

"Kwa hiyo," nikasema, "hata orodha ya wilaya haipo?"

Dada aliokota punje zilizobaki, akazirudisha kikapuni, akaniambia taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

"Kaka, hakuna seva inayoijua Muleba. Bando lako lilikatika Buhembe, kipande hakikushuka. Maven akaandika kwamba kimeshindikana, wewe ukamkataza kuuliza tena, halafu ukayabeba yote mawili kwenye flashi ukaniletea. Hakuna aliyetunyima. Hatukuwahi hata kuomba."