Mkono wa Gieri

Fundi bunduki wa kijiji cha kina Ursina huko Uswisi hupiga mluzi mwembamba akiwa kazini. Ursina alimpelekea bunduki ya zamani ya jeshi, ya baba yake, marehemu Gieri, ambayo siku zote ilipiga kushoto mwa shabaha. Fundi huyo mzee akapitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na ubao unaoushikilia, akikivuta polepole. Katikati kikakwama, na mluzi ukakatika.

“Ubao umevimba, unausukuma mtutu.” Akausugua kwa msasa, akapuliza vumbi, akajaribu tena mpaka karatasi ikateleza.

Kwenye uwanja wa kulenga shabaha, kwa mita mia tatu, risasi tano za Ursina zilitua katikati ya shabaha.

“Fundi, umeiponya!” alisema aliporudi karakanani.

Mzee alikuwa akifuta miwani iliyokwisha takata. “Baba yako aliniletea mara mbili, mwanangu. Sikuifungua. Nikamwambia mbele ya wenzake, ‘Gieri, bunduki haina kosa, mkono wako ndio umezeeka.’ Wakacheka. Hakuja tena.”

Ursina akazikumbuka Jumapili zote ambazo baba alikaa jikoni, akisikiliza milio ya bunduki za wenzake uwanjani na kuvitazama viganja vyake. Alitaka kumwambia mzee kwamba yamepita, lakini akaitwaa bunduki na kuelekea mlangoni.